Haboba na Kipande cha Salima

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji bombani, wa kukimbia pekupeku na ndoo inayomwagika miguuni, pale jino la mdogo wangu Salima lilipong'oka wakati si wake. Tulikaa Naguru, kwenye laini ya polisi, zile safu za nyumba za askari na jamaa zao. Baba alikuwa konstebo, na siku hizo walikuwa wamempeleka mpakani. Mama alikuwa na kichanga. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Alikuwa mama mzazi wa Baba, mjane wa askari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

Nasema mapema ili msinisumbue baadaye: mimi shule sikuingia. Luganda niliiokota bombani, Kiswahili kwenye laini, Kinubi kwenye maziwa ya mama. Niliyoyaona niliyaona. Kuna watu wazima leo, wenye watoto waliosoma, nikianza kusimulia haya wanatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, wakidhani wanajua itaishia wapi: bibi mshamba, uchawi, kisha daktari mwenye akili. Watabasamu tu. Mimi naendelea.

Kwetu jino la mtoto halitupwi ovyo. Unatoka nje, unalielekea jua, unalirusha kwa nguvu zako zote na kusema: Jua, chukua jino la punda, unipe jino la swala. Kisha unageuka, hutazami limeangukia wapi. Wazee wetu walikuja na jambo hilo kutoka Sudani, wakiwa askari. Na lilikuwa na sheria ya pili, ndiyo iliyotutisha sisi watoto: kilichotoka mwilini mwako, kiwe jino, kiwe kucha, ziwe nywele za kunyoa, kisikae mkononi mwa mtu mwingine. Akikishika, amekushika wewe.

Salima hakuwa hata amefikia umri wa kuanza shule. Alikuwa anatafuna gurusa, ile mikate yetu laini ya kukaangwa, akasimama, akatia vidole mdomoni, akatoa jino la nyuma. Gego zima. Alilitazama kiganjani kama mtu aliyeokota shanga ya mwenzake.

"Halina damu," akasema.

Haboba alicheka, akasema huyu ana haraka ya kuwa mkubwa. Tukatoka uani. Salima akarusha, lakini mkono wake ulikuwa mdogo, na jino likagonga bati la Mama Opio, jirani yetu wa ukuta mmoja, likateleza likaangukia upande wake. Nililisikia. Haboba naye alilisikia, na uso wake ukabadilika.

Haikupita muda, jino jingine likalegea, kisha jingine. Ukiligusa linacheza kama kifungo cha shati la zamani. Shavu la kushoto likavimba. Mwanzoni tulisema jino limeoza, Mama akalikanda kwa chumvi ya moto ndani ya kitambaa. Lakini uvimbe ule haukuwa na adabu ya uvimbe tunaoujua. Asubuhi uko hivi, magharibi umesogea. Jicho likaanza kusukumwa juu. Na Salima hakuwa analia maumivu, jambo hilo ndilo lililotutisha zaidi. Aliuliza tu kwa nini kikombe kinamgonga upande mmoja.

Haboba akajifunga kitenge kiunoni, akaenda kwa Mama Opio. Mimi nyuma yake. Mama Opio alikuwa mke wa polisi mwenzake Baba, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye mdomo mwepesi. Alikuwa anafua magwanda ya bwana wake karibu na bomba, na wanawake wengine wamejipanga na ndoo zao.

"Mama Opio, nipe jino la mjukuu wangu."

"Jino gani?"

"Lililoangukia kwako. Umeliweka wapi?"

"Haboba, mimi nafanya nini na jino ya mtoto? Nitie kwa mdomo ya bwana yangu, atafune nyama? Yeye meno yake iko yote."

Wanawake wakacheka. Haboba hakucheka. "Tangu lianguke kwako, mtoto anavimba."

Mama Opio akaliacha gwanda majini, akafuta mikono, akaja mpaka kwetu bila kukaribishwa. Akamshika Salima kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akamwambia afungue mdomo. Mzaha wote ukamtoka usoni.

"Hii mimi naijua," akasema taratibu. "Kwetu huko iko. Mtoto ya shemeji yangu ilikuwa nayo, hapa hapa kwa taya. Hapana jino, Haboba. Hapana mtu. Hii kitu inakimbia. Peleka hospitali leo. Kunitukana utamalizia ukirudi."

"Huyo mtoto wa shemeji yako yuko wapi sasa?"

Mama Opio akatazama ukuta. "Tulichelewa."

Siku hiyohiyo tukapanda kilima cha hospitali kubwa, Haboba amembeba Salima mgongoni ingawa mtoto angeweza kutembea. Mama alibaki na kichanga. Mimi nilichukuliwa kwa sababu moja tu: Haboba hakujua Luganda, na madaktari wengi hawakujua Kiswahili. Kila neno lililosemwa kuhusu uhai wa mdogo wangu lilipita kwanza mdomoni mwangu.

Daktari wa wodi alimbonyeza Salima tumbo, akamtazama ndani ya mdomo, akaniambia: "Mwambie bibi yako tunataka kukata kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe, tukitazame."

Nikasema. Haboba akauliza: "Kitakaa mkononi mwa nani?"

"Kitakwenda maabara."

"Maabara ndiye nani?"

Nikauliza. Daktari akasema ni chumba, ndani yake kuna musawo, maana yake daktari, anayesoma nyama za wagonjwa kwa darubini.

"Mwambie asiyemjua mjukuu wangu hatashika nyama ya mjukuu wangu."

Nilipoyageuza maneno hayo kwenye Luganda nilijaribu kuyapunguza makali, lakini Haboba alikuwa akinitazama mdomo, nikaogopa, nikayasema yalivyo. Daktari hakukasirika. Alichuchumaa mbele yangu akasema polepole: uvimbe wa taya una aina nyingi. Dawa ya huu tunaoushuku ni kali, ni sumu kabisa, hapewi mtoto kwa kubahatisha. Bila kipande hatujui. Bila kujua hatutibu. Na huu tunaoushuku hausubiri.

Mkono wa Haboba ulikuwa mgongoni kwa Salima, unapanda na kushuka.

"Akate," akasema. "Lakini kipande kinakokwenda, na mimi nakwenda."

Walidhani anatania. Walipokata, mhudumu akatoka na kachupa kenye maji ya dawa, kitu cheupe kidogo kikielea ndani, na Haboba akamfuata kwenye ukumbi ule mrefu kama anayefuata jeneza. Mlangoni wakamwambia hapa haingii mtu. Akaketi kwenye benchi la nje. "Siingii," akasema, "nalinda."

Nyama haisomwi papo kwa papo, tuliambiwa. Inagandishwa ndani ya nta, inakatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, inatiwa rangi. Basi kila siku Haboba alimlisha Salima uji, akamkabidhi kwangu, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Waliokuwa wakitoka na kuingia mle maabara walianza kumsalimia. Wengine walimkwepa.

Na uvimbe haukusubiri nta. Shavu likang'aa, mdomo ukawa haufungi, udenda unatiririka. Salima akanigeuzia mgongo. "Usinitazame huku," akasema, "kaa upande ule mzuri." Nikahamia upande ule mzuri, nikakaa hapo kila siku.

Ndipo akaja Ami Juma, kaka mkubwa wa Baba. Alisimama mbele ya kitanda, akatazama, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la Haboba. Mimi nikamfuata.

"Mama, mnamngoja afe. Mtoto anaharibika, na wewe umekaa hapa unalinda chupa. Nimepata gari. Kuna fundi kijijini anapasua ufizi, uchafu unatoka, mtoto anarudi kucheza."

"Uchafu gani?"

"Huo uliotumwa."

Nilimtazama Haboba. Alichokisema Ami ndicho alichokuwa akikiamini yeye mwenyewe mpaka jana yake. Alimwamini adui mwenye jino mkononi kuliko alivyoamini chumba kile chenye harufu kali. Angesema twende, tungekwenda.

"Juma," akasema, "wewe ni mwanangu wa kwanza, nimekunyonyesha. Lakini ukimtoa mtoto yule kitandani, nitakuvua shati mbele ya manesi. Kaa hapa, au nenda nyumbani ukamsaidie Mama Salima kufua nepi."

Ami Juma hakukaa, na sidhani kama alifua nepi. Lakini aliondoka peke yake.

Siku iliyofuata mlango wa maabara ulifunguka na musawo mwenyewe akatoka, kijana mwembamba mwenye madoa ya zambarau kwenye vidole. Akaniuliza, huyu bibi ndiye anayewatisha watu wangu? Nikamwambia hatishi, analinda. Akamtazama Haboba. Kisha akasema: "Mwambie aje aone alichokilinda."

Ilibidi Haboba aletewe kigoda apande ili aifikie darubini. Alifumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akafumba jingine. Musawo alikuwa akisema nami nikigeuza.

"Sisi huwa tunasema inafanana na anga la usiku lenye nyota."

"Nyota ziko wapi?" Haboba akauliza, uso bado kwenye darubini. "Mimi naona uwanja mweusi una matundu."

"Weusi huo ndio ugonjwa. Zile doadoa nyingi zilizobanana, zote zinafanana, hakuna nafasi kati yake. Aniambie anakaa wapi."

"Naguru, laini ya polisi," nikasema mimi.

"Vizuri. Basi mwambie: ndani ya damu kuna chembe ambazo ni askari wa mwili. Mtu akiumwa, zinapewa amri ziongezeke, zikapigane. Vita vikiisha zinapewa amri ya kusimama. Hapa chembe moja imesikia amri ya kwanza tu. Imezaa mbili, mbili zikazaa nne, zote viziwi kama mama yao. Siku moja, siku mbili, zinakuwa maradufu. Ndiyo maana unauona uvimbe unasogea kwa macho yako. Zimekula mfupa unaoshikilia meno, meno yakabaki yanaelea."

Nilikuwa mtoto. Chembe sikujua niiseme vipi. Nikasema: "Haboba, askari wa ndani ya mwili wa Salima wameasi."

Neno hilo halikuhitaji kuelezwa katika nyumba yetu. Haboba aliinua uso.

"Wametumwa na nani?"

Nikauliza. Musawo akasema hakuna aliyewatuma. Ni wa humohumo. Ni mwili wake mwenyewe.

"Na matundu?"

"Hizo ni chembe kubwa, kazi yao ni kula maiti. Askari hawa wanazaliwa wengi na wanakufa wengi, hizi zinasafisha."

"Kumbe wapo wanaozika," Haboba akasema.

"Wapo. Lakini wamezidiwa."

Alirudisha jicho kwenye darubini akakaa hivyo mpaka nikaona musawo anatazama mlango. Alipoinuka aliuliza jambo la mwisho: waasi wenye kasi namna hii wanaweza kushindwa?

Musawo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema dawa waliyo nayo inaikamata chembe wakati inapogawanyika. Chembe inayolala inaweza kujificha. Hizi hazilali hata kidogo. "Mwambie kasi yao ndiyo itakayowaponza."

"Sasa mbona umesimama?" Haboba akamwambia. "Peleka majibu, apewe." Hilo nililigeuza kwa furaha.

Salima alipewa. Kwanza wakamjaza maji mshipani na mdomoni, anywe, akojoe, anywe tena, wakisema waasi wakifa wote kwa mkupuo maiti zao zitaziba figo. "Hata wakiwa wamekufa wanapigana," Haboba akanung'unika, na kikombe hakikutoka mkononi mwake. Kisha dawa yenyewe. Nyingine waliipitisha kwenye uti wa mgongo, ili ugonjwa usikimbilie kichwani. Salima alitapika mpaka hakuna cha kutapika. Na uvimbe ule, wallahi, ulipungua kama sabuni ndani ya beseni. Jicho likarudi mahali pake kabla hatujamaliza kuomba lirudi.

Nywele zikamtoka. Haboba alizikusanya moja moja kwenye mto, kwenye shuka, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Nesi mmoja akamcheka: "Bibi, mpaka leo unaogopa uchawi?"

"Mwambie ndiyo," Haboba akaniambia. "Na sindano ya jioni asichelewe kama jana."

Mtoto wa kitanda cha dirishani alibebwa na baba yake akaenda nyumbani, kwa kuwa uvimbe wa taya ulikuwa umeshuka na alionekana mzima. Tulimwona mara moja tena, uvimbe umerudi, naye amechelewa kuletwa. Ami Juma naye alikuja akasema Salima amepona, wa nini kumtesa. Haboba alimwonyesha mlango kwa kidole. Alikuwa ameona uwanja ule mweusi. Alijua akibaki mmoja tu asiyesikia amri, atazaa wawili. Tukamaliza dawa zote, hata ile ambayo Salima alipigana na manesi watatu asipewe, akamng'ata mmoja kwa meno machache aliyobakiwa nayo.

Siku ya kuruhusiwa, Haboba alipitia maabara. "Nimekuja kuchukua kilicho chetu," akasema.

Musawo akamletea kipande kidogo cha nta, kama mshumaa uliokatwa, na vioo vyembamba vyenye doa la zambarau. Akanieleza, nami nikaeleza: hapa kuna vijana wanaosomea udaktari. Wengi hawajawahi kuona ugonjwa huu. Wakikitazama hiki, mtoto mwingine akiletwa watautambua mapema. Alikuwa anaomba kibaki. Alikuwa anaomba, hakuwa anatoa taarifa, na Haboba aliusikia utofauti huo hata kabla sijageuza.

Alikiweka kile kipande kiganjani. Kwa dini yake ya mambo hayo, alikuwa amemshika Salima mzima. Akakirudisha mezani.

"Kama kinafanya kazi, kikae," akasema. "Kikilala bila kazi, nitakuja kukichukua."

Na hakuwa anatania. Kila tulipompeleka Salima kupimwa, Haboba alichungulia kwenye mlango ule. "Kinafanya kazi?" Nao wanajibu kinafanya. Baadaye musawo yule aliondoka, wakaja wengine, na wote walikuwa wameshaambiwa kuhusu bibi wa Naguru.

Haboba alifariki miaka mingi iliyopita, kwa uzee. Salima yuko Mbuya, ana wajukuu, taya lake limepinda kidogo na anasema sana kuliko sisi sote. Madaktari wa leo wananieleza mengi zaidi. Wanasema kuna kirusi ambacho karibu kila mtoto wetu hukipata na kukisahau, na malaria inayorudi na kurudi mpaka askari wa mwili wanachoka kupewa amri, na siku moja mmoja wao anakosea. Nawasikiliza. Nasema asanteni. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia ni nani alimchagua Salima na kuniacha mimi, niliyelala naye mkeka mmoja, mbu walewale. Hapo wanasema ni bahati, na mimi naona bado tuko palepale, wao na sisi.

Mwaka jana huko Namuwongo, karibu na reli, nilimwona binti anauza mkaa na mtoto wake amefungwa leso usoni, joto lote lile.

"Mwanangu, fungua nione," nikamwambia.

"Jjajja, wewe ni daktari?" akauliza, kwa neno la Waganda la kumwita mzee.

"Hapana. Fungua."

Akafungua. Nilijua kabla leso haijafika chini. Nikamwambia afunge biashara, tunapanda kilima sasa hivi. Akaanza kunieleza habari za mke mwenziwe, kitu kilichokutwa mlangoni. Nikamwambia utanieleza njiani, nitasikiliza yote, na kweli nilisikiliza yote na sikumbishia hata neno moja. Tulipofika na kuambiwa habari ya kukata kipande, alinishika mkono. "Jjajja, naogopa." Mtoto wake anaendelea na sindano mpaka sasa. Nasimulia haya sijui mwisho wake, nami nakwenda pale mara nyingi kuliko ninavyotakiwa.

Lakini neno lile, naogopa, ndilo lililonirudisha kwenye ukumbi wa zamani. Watu wetu hupenda kusema Haboba hakuogopa kitu. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake siku ile anaifuata chupa. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, kuanzia kiunoni mpaka miguuni, na kandambili zake zilikuwa zinapiga sakafu vibaya. Alitetemeka mwendo wote mpaka mlangoni, na hakupunguza mwendo.